Mtaa Ukiuzwa, Undugu Unahamia Wapi?

Mtaa una mipaka ya aina mbili. Kuna ya kwenye ramani, na kuna ile ya watu wenyewe: jirani wa kuombana chumvi, shangazi wa kibarazani, msiba unaojaza uchochoro mzima. Ghorofa likija, ya ramani inabaki. Hii ya pili ndiyo inayokufa kimya kimya.

WACHINA WA WASHINGTON
Katika mji mkuu wa Marekani, Wachina walianza kukaa Pennsylvania Avenue. Miaka ya 1930 serikali ikataka eneo lile ijenge ofisi, wakahamia H Street. Huko nako ukaja ukumbi wa mikutano, kisha mwaka 1997 uwanja mkubwa wa michezo. Kodi zikapaa! Mtaa uliowahi kuwa na Wachina kama 3,000 ulibakiwa na kama 300 mwaka 2015. Lango la Kichina lililojengwa 1986 bado limesimama, na maduka ya wageni yakabandika majina kwa herufi za Kichina. Bango lipo, mwenyewe hayupo.

NA KARIAKOO YETU JE?
Jina lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Wakoloni waliigawa Dar kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Ulikuwa mpaka wa kibaguzi, lakini ng'ambo yake watu wakajenga maisha: nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba sita, uani jikoni, baraza mbele.

Leo vyumba vimegeuka fremu na stoo. Mwekezaji anakuja na dili la ubia, na ndugu waliokula sahani moja wanaanza kukutana mahakamani. Kaka anataka hela leo, dada anauliza mama atalala wapi.

KABLA HAMJASAINI
• Msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Yeye anasimamia tu, si kwamba nyumba ni yake.
• Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi.
• Kwenye ubia, andikeni nani anapata ghorofa ipi. Tangu 2008 sheria inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake.
• Kagueni kibali na mhandisi. Jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20.
• Mama ahamie wapi? Hilo lijibiwe kwanza, bei baadaye.

Na wewe uliyeko Mgololo usicheke, ukadhani haya ni ya Dar tu. Mji wako umekua kwa ajili ya kiwanda cha karatasi, na palipo na kazi, kiwanja hakikosi mnunuzi. Kaeni kikao cha familia wakati wazee wapo na hakuna mwenye haraka. Burungutu la hela likishawekwa mezani, hakuna anayemsikiliza mwenzake.