Mawingu Yakitanda, Chukua Kamera

Kila Oktoba ndugu zangu wa Tanga hunitumia swali lilelile: "Dada, hizo rangi umezipaka wewe?" Sijazipaka. Naishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako riziki yangu ni picha za harusi. Harusi zikipungua, misitu nayo huanza kujipamba.

Ubishi wangu na wapiga picha wenzangu ni kuhusu jua. Wao husubiri anga liwe buluu ndipo wajae barabarani. Mimi nikiamka nikakuta manyunyu, nafurahi. Jani lina ngozi yenye nta, inayorudisha mwanga kama sahani iliyotoka kuoshwa. Jua kali likiipiga, kamera huona mng'ao badala ya wekundu, na chini ya matawi huona vivuli vyeusi tititi. Mawingu huusambaza mwanga, na mvua huyafanya magome yawe meusi, basi rangi ya majani ikajitokeza yenyewe.

Hata hivyo mng'ao hauishi, kwa kuwa jani lililolowa huakisi weupe wa anga. Dawa yake ni kichujio cha polaraizesheni. Wengi hudhani kazi yake ni kukoleza buluu ya anga tu, wakakiacha nyumbani siku ya mvua, siku ambayo kinahitajika kuliko zote. Kizungushe polepole mbele ya lenzi huku unatazama: utando mweupe utaondoka juu ya majani na rangi iliyojificha itatokea. Lakini kinakula mwanga, waweza kubaki na theluthi au hata robo yake, kwa hiyo kamera ikae kwenye tripodi. Mwenye simu tu atumie miwani ya jua ya aina hiyohiyo: aishike mbele ya lenzi, aizungushe.

Rangi zenyewe hazina asili moja. Njano ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, imefunikwa na klorofili. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, kijani kikafifia, njano ikaonekana. Nyekundu hutengenezwa upya, kutokana na sukari inayonaswa ndani ya jani wakati mti unapoziba njia kwenye kikonyo. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huikoleza. Mkungu wa pwani yetu nao huwa na majani mekundu kabla hayajadondoka, ila huku hugeuka mlima mzima.

Nyekundu hiyo huilaghai kamera. Grafu ya mwanga yaweza kuonyesha kwamba picha iko sawa, kumbe wekundu umezidi mpaka jani limekuwa doa lisilo na mishipa. Fungua grafu ya rangi tatu, na ukiona nyekundu imebanana ukingo wa kulia, punguza mwanga. Usiiachie kamera ijipangie rangi pia: ikiona majani mengi ya njano na chungwa hudhani kuna kosa, ikayapoza. Iweke kwenye alama ya wingu.

Katika jimbo jirani la New Hampshire kuna barabara ya Kancamagus, kama kilomita 55 kati ya Lincoln na Conway. Wageni husimama juu, wakataka kuimeza milima yote kwa lenzi pana, na picha zao zote hufanana. Mimi huteremka hadi mto Swift, alfajiri kabla ya upepo, na lenzi ndefu. Natafuta tawi moja la mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, likiwa mbele ya misonobari ya kijani kibichi. Picha ya wekundu mtupu huchosha macho haraka.

Kuhusu adabu, sitasema mengi. Huko Pomfret, Vermont, watu walifurika kupiga picha shamba moja la mtu binafsi hadi barabara ya Cloudland ikafungwa kwa wageni msimu wa 2023. Mimi ningeifunga mapema zaidi.

Wageni wakishaondoka, mwishoni mwa Oktoba, bado kuna tamaraki katika vinamasi vya kaskazini mwa Maine. Ni jamii ya misonobari, lakini sindano zake hugeuka dhahabu kisha zikapukutika zote. Ukienda, vaa kofia na kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, maana msimu wa kuwinda paa kwa bunduki huwa unaanza.