Kuacha Chuo ni Uamuzi, Kutoroka si Uamuzi

Wanafunzi wengi wanaoacha chuo kikuu hawakuwahi kukaa chini wakaamua kuacha. Walianza kwa kukosa jaribio moja, wakaona aibu kumfuata mhadhiri, wakakosa na la pili. Simu ya nyumbani ikawa inaita bila kupokelewa. Ulipofika mtihani wa mwisho wa muhula, alama za kazi za darasani hazikutosha kuwaruhusu kuufanya, basi wakafunga begi na kuondoka kimya kimya. Chuoni mtu huyo huandikwa kuwa ametoroka masomo. Akitaka kurudi baadaye, atahangaika kwenye ofisi nyingi kwa jambo ambalo barua ya ukurasa mmoja ingelimaliza.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi, na swali la "niache au niendelee?" nakutana nalo kila muhula. Nimejifunza kutolijibu mpaka tujue kwanza tatizo lenyewe ni lipi, maana kila tatizo lina dawa yake. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kwamba mwanafunzi hubaki chuoni akishikwa na mambo mawili: masomo yenyewe na watu anaoishi nao pale. Ndiyo maana mwenye alama nzuri lakini asiye na rafiki hata mmoja naye yumo hatarini.

Tuanze na fedha. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa au mkopo ukija pungufu, ada ikabaki inadaiwa, wengi huona mlango pekee ni wa kutokea. Kabla ya kufika huko, nenda dawati la mikopo chuoni uulize dirisha la rufaa linafunguliwa lini, kisha nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kwa awamu. Ufahamu pia kwamba kuacha chuo hakufuti deni. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa, lakini fedha uliyokopa inabaki palepale. Siku ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi na kuipeleka Bodi ya Mikopo, uwe umehitimu au hukuhitimu.

Tatizo la pili ni kozi. Kijana aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akiota udaktari anajikuta kwenye kozi aliyoijaza kama chaguo la nne ili asikose chuo. Hapa swali si kuacha chuo, ni kuhama kozi. Vyuo vina muda maalumu wa kuhama, na Tume ya Vyuo Vikuu inao utaratibu wa kuhamisha krediti kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Aliyefaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza ana krediti 120 mkononi, yaani saa 1,200 za kazi. Hiyo ni mali yake. Asiondoke bila hati ya matokeo, hata kama leo haoni itamfaa nini.

Tatizo la tatu ni kufeli. Sapu moja au mbili, yaani mitihani ya marudio, si hukumu; zimewekwa ili mtu apate nafasi ya pili. Mwenye kerio nyingi, yaani masomo aliyofeli na kuyabeba, akae na mhadhiri mlezi wake wahesabu kwa kalamu: nikibeba masomo haya, nitamaliza lini na kwa gharama gani? Mara nyingine hesabu hiyo huonyesha njia. Mara nyingine huonyesha kwamba ni heri kusimama mapema kuliko kusubiri kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

La nne ni afya, na hapa nasisitiza sana. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali vizuri, huna hamu ya chakula, kila kitu kimepoteza ladha na unajiona huna thamani, usiamue jambo kubwa kama hili ukiwa katika hali hiyo. Nenda hospitali ya chuo useme wazi unavyojisikia. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda leo hii, na usiende peke yako. Sonona hutibika, na uamuzi wa chuo unaweza kungoja.

Kwa matatizo haya yote ipo njia ambayo wanafunzi wengi hawaijui vizuri: kuahirisha masomo. Unaandika barua yenye jina lako, namba ya usajili, kozi, mwaka na muhula uliopo, sababu, na tarehe unayotarajia kurudi. Unaambatisha ushahidi: cheti cha daktari, barua ya mzazi au ya serikali ya mtaa. Inapitia kwa mkuu wa idara hadi ofisi inayohusika na usajili. Usiiache mezani kwa mtu ukaondoka. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha subiri jibu la maandishi. Mkopaji alijulishe pia dawati la mikopo, asije akasainishwa fedha ya muhula asiosoma. Soma kanuni za chuo chako kuhusu kikomo cha kuahirisha, maana kipo.

Kusimama si kupotea. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walioandamana kupinga utaratibu wa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wengi walirudishwa baadaye. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alirudi akahitimu sheria, na kuanzia 2005 hadi 2010 alikuwa Spika wa Bunge.

Je, ipo siku ya kuacha moja kwa moja? Ipo, na sioni aibu kuisema. Vijana hunitajia Bill Gates, nami huwakumbusha kwamba alipotoka Harvard mwaka 1975 alitoka kwa ruhusa ya kusimamisha masomo, huku kampuni yake ikiwa tayari na mteja. Ukiwa na fundi aliyekubali kukufundisha, nafasi ya mafunzo ya ufundi VETA, au biashara uliyoijaribu likizo nzima ikaleta faida, una pa kwenda. Usibaki kwa sababu tu umeshapoteza miaka miwili; maji yakimwagika hayazoleki. Pima miaka iliyo mbele.

Kuhusu kuwaambia nyumbani, kama unamwogopa baba, anza na shangazi au baba mdogo anayesikilizwa. Nenda na maelezo kamili: tatizo hili, barua hii, mpango huu. Nanyi wazazi, mtoto akifika na habari hiyo, msianze na hesabu ya ng'ombe au shamba lililouzwa kwa ajili ya ada. Anaijua, na mara nyingi ndiyo iliyomfanya asipokee simu. Muulizeni anahitaji nini ili aendelee, na kama hawezi kuendelea, ombeni muione barua aliyoandikia chuo. Kama bado hajaandika, kaeni naye aiandike kabla muhula haujaisha.