Programu Isiyo na Kufuli

Tunaijua mashine iliyofungwa ambayo fundi wetu hakatazwi kuitumia bali kuifungua. Katika maabara nako, mtumishi wa hadubini alikuwa akihesabu seli, yaani chembe hai za mwili, moja moja hadi macho yanauma. Programu nyingi za kompyuta za kumsaidia ziliuzwa ghali, na namna zinavyohesabu ikawa siri ya kampuni.

Mwaka 1997 Wayne Rasband, mtumishi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitoa ImageJ bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani. Anayetaka huyasoma, huyarekebisha, humpa mwenzake.

Seli hai haitulii: hutambaa, hugawanyika. Hupigwa picha mfululizo kwa mwanga hafifu, maana mwanga mkali huiua. Programu huitenganisha na giza lililoizunguka kwa kiwango cha mwangaza. Kiongezo kiitwacho TrackMate huifuata picha hadi picha. Kiwango kikikosewa, seli mbili zilizogusana huhesabiwa moja. Hapo jicho la mtumishi bado linatakiwa, na anayebisha hesabu hufungua programu akaona kosa liliko.