Daftari safi ni mtaji: Funzo kutoka soko la pamba Simiyu

BARIADI

Kila msimu wa pamba unapokaribia kufunguliwa, swali linalotangulia katika maduka na vijiwe vya mji wa Bariadi ni moja: bei itakuwa shilingi ngapi? Ni swali la haki, kwa kuwa bei ya zao hili haitulii. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mwaka uliofuata ikaporomoka hadi shilingi 810. Mwaka 2022 ikapanda hadi 1,560, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 1,060.

Hata hivyo, bei hiyo haimo mikononi mwa mfanyabiashara wa Simiyu. Hufuata soko la dunia, ambako pamba ya Tanzania ni sehemu ndogo sana. Kilichomo mikononi mwake ni mambo ambayo wengi huyaona madogo: daftari linaloandikwa siku ileile, mizani inayokaguliwa kabla ya kazi kuanza, stakabadhi inayotolewa kwa kila mzigo, na ghala linalofagiliwa kila jioni. Mambo hayo hayatangazwi na mtu yeyote wakati wa kufungua msimu, lakini ndiyo huamua nani atabaki na fedha msimu unapofungwa.

KILO INAPOPOTEA

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Sehemu kubwa ya zao hilo hupitia kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Mkulima huleta pamba mbegu, karani huipima na kuiandika, pamba huwekwa ghalani, kisha lori la mnunuzi huja kuichukua kuipeleka kinuni. Kati ya mizani ya kijijini na mizani ya kinu ndipo faida ya watu wengi hupotelea.

Tuchukue mfano wa chama kinachokusanya kilo 300,000 kwa msimu. Upungufu wa asilimia moja tu ni kilo 3,000. Kwa bei ya mwaka 2024 ya shilingi 1,150, hizo ni shilingi 3,450,000. Msimu ukichukua siku 90, upungufu huo ni wastani wa kilo 33 kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona katika ghala lililojaa.

Jambo linaloleta ugomvi ni kwamba si kila upungufu ni wizi. Pamba hupungua uzito inapokauka, na iliyopokelewa ikiwa na unyevu hupungua zaidi. Chama chenye kumbukumbu za kila siku, kinachojua mzigo upi uliingia lini na ulikaa ghalani siku ngapi, kinaweza kutenganisha unyevu uliokauka na kilo zilizobebwa usiku. Chama kisicho na kumbukumbu hubaki na maneno tu, na mwisho wake karani mwaminifu na karani mwizi huonekana sawa mbele ya wanachama. Hapo mwaminifu hukata tamaa kwanza.

MIZANI ILIYOZAA USHIRIKA

Suala la mizani si geni Kanda ya Ziwa. Ushirika wa pamba katika eneo hilo ulikua miaka ya 1950 kutokana na malalamiko ya wakulima kwamba walikuwa wakipunjwa uzito na wanunuzi. Vuguvugu lililoongozwa na Paul Bomani lilifikia kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Kwa maneno mengine, nguvu hiyo ya kiuchumi ilianza na dai dogo la utaratibu: kilo iandikwe kama ilivyo.

Funzo la pili lilikuja na soko huria. Baada ya biashara ya pamba kufunguliwa kwa makampuni binafsi katika msimu wa 1994/95, wanunuzi waliongezeka na ushindani ukapandisha bei aliyolipwa mkulima. Lakini kila mnunuzi alikuwa na haraka ya kujaza lori kabla ya mwenzake. Utaratibu wa zamani wa kutenga pamba safi na pamba fifi ulilegea. Pamba yenye maji na mchanga ilinunuliwa kwa bei ileile ya pamba iliyochaguliwa vizuri, na mkulima aliyejitahidi akaona kwamba jitihada zake hazina malipo. Sifa ya pamba ya Tanzania nje ya nchi ikashuka.

Hakuna sheria iliyoamuru pamba ichafuliwe. Ilitokea tu kwamba katika vituo vya kununulia haikuwa tena aibu kupokea mzigo mchafu. Huo ndio utamaduni wa kazi: yale ambayo watu huyafanya au huyaacha pale msimamizi anapokuwa hayupo.

DENI LISILOANDIKWA HALIDAIKI

Msimu wa 2019 ulionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Bei elekezi ilipangwa kuwa shilingi 1,200, kisha bei ya dunia ikaanguka. Baadhi ya wanunuzi walisita na wengine walichelewa kulipa, na wakulima wakasubiri fedha zao kwa miezi, pamba yao ikiwa imekwishaondoka kijijini.

Katika hali ya namna hiyo, karatasi huwa na thamani kuliko kauli. Mkulima mwenye stakabadhi, na chama chenye orodha inayoonyesha jina, tarehe, kilo na kiasi kilichobaki, wana kitu cha kuweka mezani mbele ya mnunuzi, benki au mkuu wa wilaya. Asiye na karatasi hutegemea kumbukumbu ya karani, na kumbukumbu ya karani hufifia hasa pale fedha zinapokuwa chache.

Ndivyo ilivyo pia kwa pembejeo. Mbegu na viuatilifu vinapotolewa kwa mkopo, gharama hukatwa wakati wa mauzo. Dawa ikigawiwa bila kuandikwa nani amechukua chupa ngapi, kuna atakayekatwa fedha za dawa ambayo hakuitumia. Mtu wa namna hiyo msimu unaofuata huuza pamba yake kwa njia za pembeni, na chama hupoteza mzigo, ushuru na mwanachama kwa pamoja.

S TANO

Serikali na sekta ya afya nchini zina mfano unaofaa kuigwa na wafanyabiashara. Kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi unaojulikana kama 5S, ambao ulipata umaarufu katika viwanda vya Japani, hususan Toyota. Kwa Kiswahili maneno hayo matano yalitafsiriwa bila kupoteza herufi yake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia.

Kusasambua ni kuondoa kisichohitajika. Kuseti ni kuweka kila kitu mahali pake. Kusafisha kunaeleweka. Kusanifisha ni kuhakikisha kwamba kila mtu anafanya kwa namna moja. Kushikilia ni kuendelea hivyo hata wageni na wakaguzi wakishaondoka.

Katika ghala la pamba, S hizo hazihitaji mtaji mkubwa. Viroba vya plastiki na kamba za nailoni viondolewe, kwa sababu nyuzi zake zikichanganyika na pamba huharibu robota na mnunuzi wa nje hulipunguzia bei. Pamba safi iwe na upande wake na pamba fifi upande wake. Sakafu ifagiliwe. Stakabadhi zilizotumika ziwe kwenye faili moja kwa mpangilio wa namba, na zisizotumika zifungiwe kabatini. Fedha za chama zisikae mfuko mmoja na fedha za nyumbani za mtunza hazina.

S nne za mwanzo mtu mmoja anaweza kuzianza asubuhi na kuzimaliza jioni. Ya tano haiwezekani kwa mtu mmoja. Karani hodari akihamishwa au akiugua, daftari lake zuri huishia pale alipoliachia, isipokuwa kama ofisi nzima imezoea kufanya kama alivyofanya. Tabia ya mtu ni mbegu tu, na utamaduni wa mahali pa kazi ndio shamba lake.

USUKUMANI JAMBO HILI LINAJULIKANA

Wasukuma hawahitaji kufundishwa upya maana ya nidhamu ya pamoja. Vikundi vya kulima kwa zamu vinavyojulikana kama elika vilifanya kazi kwa nyimbo na ngoma, na kila mmoja alijua kwamba leo ni shamba la mwenzake na kesho ni lake. Aliyekwepa hakumkwepa msimamizi, aliwakwepa wenzake.

Kanuni za zao lenyewe pia zinasimama juu ya msingi huo. Mkulima anatakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo tarehe 15 Septemba, ili kuvunja mzunguko wa wadudu. Anayeacha mabua yasimame hujihifadhia funza yeye na majirani zake wote. Daftari bovu katika chama hufanya kazi kama mabua hayo: hasara yake haiishii kwa mwenye nalo.

UTARATIBU UNAOLIPWA

Wapo wanaouliza kama utaratibu wote huu unaleta fedha. Jibu lipo wilayani Meatu. Tangu mwaka 1994, mradi wa bioRe, ulioanzishwa na kampuni ya Remei ya Uswisi, umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa pamba ya kilimo hai wilayani humo. Pamba hiyo huwezi kuitambua kwa macho. Kinachoitofautisha ni kumbukumbu: shamba la nani, lilipandwa nini, lilitiwa nini, nani alilikagua na lini. Kwa kumbukumbu hizo wakulima wamelipwa nyongeza ya asilimia 15 juu ya bei ya soko. Mnunuzi wa Ulaya ananunua pamba, lakini nyongeza anailipia daftari.

Mwelekeo wa mazao mengine ni huohuo. Choroko na dengu za Simiyu zimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, unaosimama juu ya sheria ya mwaka 2005. Katika mfumo huo mnunuzi anaweza kuwa mbali na asiuone mzigo kabisa, akatoa bei yake kwa kutegemea kile kilichoandikwa. Ghala lenye sifa ya kuandika kweli huvutia wanunuzi. Ghala lenye sifa mbaya huwaadhibu hata wenye mazao mazuri.

MAMBO YA KUANGALIA

Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka fedha katika chama, ghala, lori au kampuni ya ununuzi anashauriwa asiishie kuuliza bei na faida ya mwaka jana. Na aombe kuona vitu vichache kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, daftari la mapokezi la jana. Kama halijajazwa hadi saa nne asubuhi ya leo, litajazwa kwa kubuni. Pili, alama ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, na tarehe yake. Tatu, stakabadhi zilizoharibika: ofisi nzuri huzifuta na kuzitunza, ofisi mbaya huzichana. Nne, taarifa ya mwisho ya ukaguzi, na kama hoja zake zilijibiwa. Tano, aulize swali moja kwa mfanyakazi wa chini kabisa: kosa likitokea hapa, nani huambiwa kwanza? Kama jibu ni kwamba hufichwa mpaka mwisho wa msimu, basi hasara imekwisha kuanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu wowote ule, bei itapanda au itashuka bila kuwauliza watu wa Bariadi, Maswa au Meatu. Bei ikipanda, mwenye daftari safi atajua amepata kiasi gani. Ikishuka, atajua mapema kiasi anachoweza kuhimili, na atakuwa na karatasi za kuonyesha benki anapokwenda kuomba muda.