Anayefufua pikipiki kuukuu na aanze kwa breki

Kuvunjika kwa koleo, walinena wahenga, si mwisho wa uhunzi. Methali hii tunaifundisha darasani mwaka nenda mwaka rudi; wanafunzi huitia katika insha zao, hutunukiwa alama, na mambo yakaishia hapo. Nje ya darasa tunaishi kinyume chake. Redio ikinyamaza hutupwa. Baiskeli ikikatika mnyororo huegemezwa ukutani hadi ikaliwa na kutu. Nayo pikipiki iliyokaa miaka michache bila kuwashwa huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Leo nataka kuitetea pikipiki kuukuu, na katika kuitetea nigusie namna tunavyojifunza na kufundisha.

Pikipiki ninayoizungumzia ni BMW R 80 G/S ya mwaka 1983, ambayo niliinunua Naivasha baada ya kukaa miaka 11 chini ya turubai. Wasomaji waliozoea pikipiki za bodaboda za sentimita mchemraba 100 au 150 yafaa waelezwe ni chombo cha aina gani. Injini yake ni ya karibu sentimita mchemraba 800, nayo ina silinda mbili zilizolala, moja ikichomoza kushoto na nyingine kulia. Haina mnyororo, nguvu za injini hupelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa chuma. Tangi lake huchukua lita 19.5 za petroli, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya safari za mbali.

Mpangilio huo wa silinda na shafti ulianzishwa na kampuni hiyo ya Ujerumani mwaka 1923 katika pikipiki ya R 32, iliyosanifiwa na mhandisi Max Friz. R 80 G/S ilitoka mwaka 1980, herufi zake mbili za mwisho zikisimamia maneno ya Kijerumani yenye maana ya nyika na barabara. Mwaka 1981 Hubert Auriol, Mfaransa aliyezaliwa Addis Ababa, alishinda mashindano ya Paris–Dakar upande wa pikipiki akiwa juu ya chombo cha aina hii. Viwanda viliacha kuitengeneza mwaka 1987, lakini zilizosalia bado zinavuka mabara.

Siku pikipiki hiyo ilipofikishwa Nakuru juu ya pikapu, vijana wa mtaa walikusanyika, na kilio chao kilikuwa kimoja: iwashwe! Mmoja alitaka tutie petroli mpya na betri ya kuazima. Mwingine alitaka isukumwe mteremkoni. Fundi wa jua kali ninayeshirikiana naye, mzee aliyefungua injini tangu ujana wake, aliwasikiliza wote kisha akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "waulize hawa wanafunzi wako. Tuseme imewaka. Ikiwaka leo watataka iende leo. Na ikienda leo, wataisimamisha na nini?"

Hakuna aliyejibu. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo msingi wa kazi yote ya kurudisha chombo kikuukuu barabarani. Mngurumo wa injini ni mtamu, nao huwavuta watu wakaanza na mambo ya mwisho. Afadhali pikipiki isiyowaka kuliko inayowaka lakini haiwezi kusimama, kwa sababu ile isiyowaka haijaua mtu.

Kwa hiyo tulianza na breki. Breki ya mbele ni ya diski, nayo husukumwa na mafuta. Mafuta hayo ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata pikipiki ikiwa imesimama tu. Yale ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 155. Mwalimu wa fizikia na awaulize wanafunzi wake: dereva anayeteremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, mkono ukiwa kwenye breki kwa muda mrefu, atapatwa na nini mafuta yakichemka? Jibu ni kwamba mvuke hugandamizika ilhali kimiminika hakigandamiziki kwa urahisi; mkono wa breki utaingia hadi mwisho na gurudumu litaendelea kuzunguka. Tulimwaga mafuta yote, tukafungua kalipa na kusafisha pistoni zake, tukabadilisha raba zilizokauka pamoja na mipira yote ya kupitishia mafuta. Kisha tukafungua ngoma ya breki ya nyuma tukaondoa vumbi na kutu.

Baada ya breki zikafuata tairi. Meno yake yalikuwa marefu, na vijana wakasema bado ni nzuri. Lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa alama zinazoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2314 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2014. Yenye tarakimu tatu ilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000, na hiyo haifai hata ikiwa inang'aa. Zetu zilikuwa ngumu kama ubao na zina nyufa, tukazitoa pamoja na tyubu zake. Magurudumu yakiwa wazi, fundi alishika bisibisi akawa anagonga spoki moja baada ya nyingine huku akitega sikio. Spoki iliyokazwa hulia kwa sauti ya juu; iliyolegea hutoa sauti nzito. Hapo palikuwa na somo zima la mitetemo, likifundishwa na mtu ambaye hakuwahi kuliona katika kitabu.

Ndipo tulipoligusa tangi. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi hupaa zikaacha utomvu unaonata, na huo ndio huziba vijitundu vya kabureta. Kutu ya ndani ya tangi tuliiondoa kwa asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji ya moto, tukasuuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi iliyobaki, kisha tukakausha mara moja na kupaka oili kabla kutu mpya haijaanza. Kabureta zote mbili zilifunguliwa, vijitundu vikasafishwa kwa hewa, na utando wa mpira ulio juu ya kila moja ukamulikwa kwenye jua. Utando wenye tundu hata dogo hauinui pistoni ya kabureta inavyopasa, na injini hukosa nguvu. Kazi hii ifanywe nje, penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Injini yenyewe haikupigwa kiki siku hiyo. Tulitoa plagi, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukaiacha usiku kucha, kisha tukaizungusha polepole kwa mkono kupitia gurudumu la nyuma, gia ikiwa ya juu. Ingekwama, tungejua bila kuvunja kitu. Tulibadilisha oili zote nne: ya injini, ya gia, ya shafti na ya kiunga cha gurudumu la nyuma. Kisha tukapima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na milimita 0.20 kwa ya kutoa.

Kipimo hiki kina historia. Injini za miaka hiyo zilizaliwa katika zama za petroli yenye risasi, na risasi hiyo ilikinga viti vya valvu visilike. Ilikuwa pia sumu kwa ubongo wa watoto, na ni heri ilipoondolewa: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 shirika la UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likatangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Mwenye injini kuukuu sharti basi apime nafasi hizo mara kwa mara. Kiti kikilika, valvu huzama na nafasi hupungua. Ikiisha kabisa, valvu haifungi vyema na huungua.

Upande wa umeme una sheria moja kuu. Kabla ya kufungua mfuniko wa mbele wa injini, ondoa waya wa hasi kwenye betri. Nyuma ya mfuniko huo mna nyaya zenye umeme wakati wote, na chuma kikizigusa, sehemu ya bei ghali huteketea kwa nukta moja.

Injini ilipowaka hatimaye, ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, kwa sababu kabureta mbili zilikuwa hazivuti sawa. Fundi alichukua mpira angavu mrefu, akaukunja kwa umbo la herufi U, akatia oili kidogo katikati, akaunganisha kila ncha na kabureta yake. Oili ilipanda upande unaovuta zaidi. Akarekebisha nyaya za mafuta hadi pande zote mbili zikawa sawa, na injini ikatulia. Kifaa hicho kimechorwa katika vitabu vya fizikia vya shule zetu. Wanafunzi wangapi wamekiona kikifanya kazi ya kweli?

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikusudia kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono, lakini kadiri miaka ilivyopita masomo ya kazi yalipunguzwa na mtihani ukatawala. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umerudia nia hiyo hiyo kwa jina jingine. Nia njema haitoshi. Karibu kila kijiji kina pikipiki iliyokufa, na karibu kila soko lina fundi anayeweza kuifufua. Mbona shule isiinunue moja, imwalike fundi huyo, impe heshima na ujira wake, naye aifungue mbele ya wanafunzi, mwalimu akieleza kanuni na fundi akionyesha mkono? Wazee hawa hawaandiki vitabu. Wakiondoka wataondoka na maarifa yao, nasi tutabaki na michoro.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wenye fedha. Nakubali kwamba vipuri vya pikipiki kubwa ni ghali, na si kila chombo kinastahili kufufuliwa. Fremu iliyopinda au kupasuka iache ipumzike. Na kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa katika hati ya umiliki. Zisipolingana, unanunua kesi. Pikipiki isitoke nje ya lango bila bima inayotakiwa na Sura ya 405 ya sheria zetu, wala mpandaji bila kofia ya chuma na koti la kuakisi mwanga. Lakini mafunzo niliyoyataja hayahitaji chombo cha Kijerumani. Kabureta ya bodaboda hufuata kanuni zile zile, na mafuta ya breki hunyonya maji yale yale.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Msione aibu kuanza na sehemu isiyo na mngurumo. Anayesoma sarufi kabla ya kutunga riwaya, anayejua jedwali kabla ya aljebra, na anayetengeneza breki kabla ya injini, wote wamefuata njia moja. Na kwenu walimu wenzangu: tukimtuza mwanafunzi kwa kupiga kelele za jibu kabla hajaonyesha hatua, tunamfundisha kuwasha pikipiki isiyo na breki. Barabarani atakutana na mteremko, na mteremko hautamsubiri akajifunze kusimama.