Ni Nini Kilicho Thabiti Katika "Isotopu Thabiti"?

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya sayansi ni "isotopu thabiti". Wataalamu wa ndege huitumia sana, kwani unyoya mmoja waweza kuwajulisha chakula alichokula ndege na nchi alikotoka. Madhumuni ya makala haya ni kuifafanua dhana hiyo, ili istilahi yake itumike ipasavyo.

Neno "isotopu", lililoingizwa katika sayansi na Frederick Soddy mwaka 1913, limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali palepale". Mahali panapokusudiwa ni nafasi katika jedwali la elementi, wala si mahali pa kijiografia. Kila atomu ya kaboni ina protoni 6. Nyingi zina nyutroni 6 pia, lakini yapata 1 katika kila 100 ina nyutroni 7. Hizo ndizo kaboni-12 na kaboni-13. Viini vyake havivunjiki, na kwa sababu hiyo huitwa thabiti. Kaboni-14, kwa upande wake, ni nururifu: kiini chake huvunjika na kutoa mnururisho.

Basi kilicho thabiti ni kiini. Uwiano baina ya isotopu hutofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazompa mtaalamu habari. Mahindi, mtama na miwa vina kaboni-13 nyingi kidogo kuliko mpunga, ngano na maharage. Naitrojeni-15 huongezeka katika kila hatua ya ulaji: kutoka mmea hadi mdudu, na kutoka mdudu hadi ndege amlaye. Haidrojeni-2 iliyomo katika mvua, kwa kawaida, hupungua kadiri tunavyokwenda mbali na ikweta, bara au milimani.

Unyoya hujengwa kwa keratini inayotokana na chakula na maji ya ndege. Ukiisha kukomaa, haupokei tena kitu kutoka mwilini. Kwa hiyo huhifadhi alama ya mahali ulipoota. Mwaka 1997 Keith Hobson na Leonard Wassenaar walionyesha, kwa haidrojeni ya manyoya, jinsi ya kutambua maeneo walikozaliana ndege wahamaji wa Amerika Kaskazini.

Tumtazame mbayuwayu anayezaliana Ulaya. Ndege mzima wa aina hii hubadili manyoya ya mbawa akiwa Afrika. Kwa hiyo unyoya wa bawa lake, hata ukichukuliwa Ulaya wakati wa kiangazi, hueleza habari za Afrika.

Kutokana na maelezo haya, mfasiri anayeandika "isotopu zisizobadilika" humpotosha msomaji, kwani uwiano wake hubadilika. Anayeliacha neno "thabiti" hupotosha zaidi: ofisa anayeshughulikia kibali cha kusafirisha manyoya aweza kudhani kwamba mzigo una mnururisho, akauzuia bila sababu.

Inafaa basi kuandika "isotopu thabiti" kwa ukamilifu, na "uwiano wa isotopu" pale kinapotajwa kipimo. Safari za ndege ziitwe "uhamaji". Neno "uhamiaji" limekwisha kuzoeleka kwa shughuli za pasipoti na mipaka, na mbayuwayu hana haja ya pasipoti.