Tafsiri Hii: Kutoka Dandoch Mpaka Bunge

Mwanzo wa Juni 2024 nilikuwa kwa kinyozi Dandora Phase 4. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, ju msee wa mashine alikuwa amesimamisha mboka acheki simu. Kioo cha simu kimepasuka, imeegemezwa kwa mkebe wa poda. Ndani yake kuna dem wa rika la chuo anasoma Mswada wa Fedha, kipengele baada ya kingine, anaubonga kwa Sheng safi. Mkate, asilimia 16. Mafuta ya kupika, asilimia 25. Ndai, asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka.

Mathe wa viazi karai, mwenye jiko lake huwa hapo nje mlangoni, akaingiza kichwa, mwiko mkononi. "Kijana wangu, hebu rudisha hapo kwa mafuta." Ikarudishwa. Akaskiza, akanyamaza, akarudi kwa karai yake. Kidogo tu tukamskia akijipigia hesabu kwa sauti: jerikeni moja inampeleka siku ngapi, na hizo viazi za mbao atauza ngapi ndio asitoke mikono mitupu.

Nikakumbuka wimbo ulitoka mtaa huo huo miaka 27 nyuma.

1997, mayut watatu wa Dandoch, yaani Dandora, Kama, Johnny na Oteraw, walijiita Kalamashaka wakatoa "Tafsiri Hii". Cheki jina vizuri. Ni amri. Wanawaambia watu wa juu watafsiri maisha ya Eastlando, ju wamekuwa wakijifanya hawaelewi. Na enzi hizo Sheng haikuwa na heshima popote. Shuleni ukipatikana ukiibonga unavishwa disk, kile kibao cha aibu, shingoni kama mwizi wa kuku, na kwa redio rap nyingi ilikuwa ni ile ya Marekani. Alafu hawa machali wanaingia na lugha ya manamba na ya base, wanabonga juu ya njaa, makarau na keja za mabati, na hawamuombi mtu msamaha. Kwangu, hiyo ndio kazi kubwa rap imefanya Nai: ilionyesha kwamba lugha ya mtaa inaweza kubeba mambo mazito, hadi ya serikali.

Na Dandoch haikosi mambo mazito. Jaa la taka la Nairobi liko hapo tangu miaka ya 70. Lilitangazwa limejaa 2001, na lori bado zinamwaga. Moshi unaingia kwa keja, kwa darasa, kwa nguo umeanika. Mtoi akikulia hapo hafundishwi na mtu dharau inafanana aje, anainusa kila asubuhi. Ndio maana Ukoo Flani Mau Mau, ile mbogi iliunganisha marapa wa Dandora na wa Mombasa, ilipotoa "Kilio Cha Haki" 2004, jina lilikuwa limesema yote.

Lakini ngoma inaweza kunyakuliwa. 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable". "Bwogo" kwa Kijaluo ni kutisha, kwa hivyo hapo wanajipa moyo kama wasee hawatishiki. Haikuandikiwa chama chochote. NARC, muungano wa upinzani, wakaipenda, wakaizungusha nchi nzima, na Desemba KANU, chama tawala, ikaenda nyumbani baada ya karibu miaka 40. Mtaa uliimba mpaka ukakauka koo. Alafu waheshimiwa wakaingia ofisi, na wale waliimba wakarudi Dandoch kungoja. Bado inaniuma.

Desemba 2019 King Kaka alitoa "Wajinga Nyinyi". Wengi walikasirika ju ya jina, mimi nikaona ni sawa. Alikuwa anashtua watu wanaopigia kura wezi wakijua ni wezi. Gavana mmoja alimtumia barua ya mawakili, na hiyo tu ilikuonyesha mistari imefika kwa nani.

Sasa rudi 2024, kwa maandamano ya kupinga ule mswada. Ngoma ilishika barabara haikuwa hata ya siasa. "Anguka Nayo" ya Wadagliz ni ya kudensi, lakini mayut waliibeba wakaingia nayo tao, makarau mbele, teargesi juu. Rais akapewa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, akaambiwa ashuke. Juni 18 wakubwa wakaondoa ushuru wa mkate na wa mafuta, wakidhani mayut watatulia. Wapi! Juni 25 watu waliingia Bunge. Kesho yake Rais akasema hatautia ule mswada sahihi. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliouawa kwa hizo maandamano. Hao ni mayut walikuwa na playlist kwa simu kama wewe. Tusiwasahau tukidensi.

Mimi siwezi kukudanganya ati rap iliangusha ule mswada. Uliangushwa na watu waliuelewa. Na waliuelewa ju kuna mtu alikaa chini akautoa kwa Kizungu cha mawakili, akauleta mpaka kwa karai ya mathe. Kalamashaka waliwaambia wakubwa wamtafsiri msee wa mtaa. Wakubwa walikataa, basi watoto wa mtaa wakageuza, wakawatafsiri wakubwa.

Kwa hivyo wewe mwenye unaandika mistari saa hii nyuma ya mathree, naomba vitu mbili. Katafute "Tafsiri Hii" uiskize yote, na ukipata show ya hao wakongwe, lipa gate, usiingie kwa jina la kujuana. Ya pili, tafuta bajeti ya kaunti yako, uisome, uiweke kwa biti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupea haki ya kuiomba.